Nyama ya Siku ya Mshahara



Tulipoleta habari hii kwa mara ya kwanza katika mkutano wa tawi, mzee mmoja aliyechuma chai miaka mingi kabla ya kuingia kiwandani alisimama akauliza: "Kuacha nyama? Nyama ipi hiyo mnayoiacha?" Watu walicheka sana, na sisi tukacheka pamoja nao, maana mzee alisema kweli. Wengi wetu huiona nyama siku ya mshahara na siku ya harusi. Hata hivyo tunaomba mtusikilize, kwa kuwa shauri hili si la wenye magari wanaotaka kupunguza vitambi. Lahusu fedha zetu, nguvu zetu kazini na, kama mtakavyoona, sahani yetu ya kantini.

Sisi tu watu saba, wanaume kwa wanawake, tuliopanga vyumba katika ua mmoja huko Kibagabaga, tarafa ya Kimironko, wilaya ya Gasabo, mjini Kigali. Mgeni huijua Kibagabaga kwa hospitali yake na kwa majumba makubwa ya kilimani. Sisi twaijua kwa vyumba vya kupanga na kwa njia ya alfajiri ya kwenda viwandani Masoro. Tunakula kikoa: kila mmoja hutoa fedha sawa, na chungu ni kimoja. Siku tulipoandika matumizi ya mwezi katika daftari tuliona aibu. Nyama, pamoja na mishikaki ya mbuzi tuliyokula baani Jumamosi ya mshahara, ilikuwa imemeza fedha nyingi kuliko maharage, mboga na mafuta ya mwezi mzima. Nasi tuliila siku tatu tu, kisha tukaburura siku zilizosalia kwa ugali mkavu na chai ya rangi. Hapo ndipo tulipoanza.

Hatukuacha kwa siku moja. Mwenzetu mmoja alijaribu hivyo, na baada ya wiki mbili alionekana baani ana vijiti vinne vya mishikaki mkononi. Hatukumtoza faini. Tulikubaliana kwanza tuondoe nyama siku za kazi. Mwezi wa tatu tukaacha kabisa kununua nyama ya chungu, tukabaki na dagaa, mayai na maziwa. Baadaye dagaa nao wakatoka. Leo wanne kati yetu hawali nyama hata kidogo, watatu hula wakialikwa mahali, na hakuna ugomvi. Tumbo nalo lataka muda. Asiyezoea maharage kila siku hujaa gesi, na hilo ni jambo zito kwa mtu anayesimama bega kwa bega na wenzake kwenye mashine! Likipewa wiki kadhaa hutulia. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale husaidia, na tena maharage huiva upesi, makaa yakabaki.

Dada zetu wa kikoa hawakupata taabu. Walitukumbusha kuwa zamani wanawake wa Rwanda walikatazwa nyama ya mbuzi, wakiambiwa wataota ndevu, na wanaume wakajilia mbuzi wote peke yao. Walisema basi kazi ya kuacha nyama wanaijua kuliko sisi.

Swali la kila mtu ni nguvu. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, karibu sawa na uzito huo huo wa nyama mbichi isiyo na mafuta. Lakini angalieni: hayo ni maharage makavu. Yakipikwa hunywa maji, uzito wake ukapita maradufu, kwa hiyo upawa mmoja kando ya mlima wa ugali hautoshi kwa mtu wa kazi ngumu. Hapana budi maharage yawe mengi, pamoja na karanga, na dodo au kisamvu, kile ambacho Wanyarwanda hukiita isombe, kikiwa kimetwangwa na kupikwa muda mrefu mpaka sumu yake itoke. Mahindi na maharage hufaana, kwa kuwa kinachopungua katika kimoja kimo katika kingine.

Jambo la pili ni madini ya chuma, yanayojenga damu. Chuma cha nyama huingia mwilini upesi, lakini cha maharage huingia kwa shida. Ndiyo sababu tangu mwaka 2010, na zaidi tangu 2012, shirika la HarvestPlus na wataalamu wa kilimo wa Rwanda wametoa mbegu za maharage yenye chuma kingi zaidi. Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Huye waliyala kwa siku 128, na damu yao ikaongezeka nguvu kupita ya wenzao waliokula maharage ya kawaida. Ukiwa sokoni Kimironko, uliza ibishyimbo bikungahaye ku butare.

Na hapa wenzetu wa mashamba ya chai, wa Mulindi na Gisovu, watuwie radhi. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Hatusemi chai isinywewe. Tunasema isubiri kama saa moja baada ya kula. Ndimu, chungwa au papai pamoja na maharage hufanya kazi kinyume cha chai: hukivuta chuma kiingie. Aidha, kuna vitamini iitwayo B12 ambayo haimo katika mimea. Anayekunywa maziwa au ikivuguto na kula mayai huipata. Anayeacha vyote hivyo yampasa atumie vidonge, na mama mwenye mimba asianze safari hii kabla ya kuonana na muuguzi.

Maharage nayo si ya bure. Mwezi wa Aprili 2023, bei zilipopanda, serikali iliweka bei ya juu kabisa kwa mchele, unga wa mahindi na viazi mviringo. Viazi vya Kinigi viliwekewa faranga 460 kwa kilo. Maharage hayakuwamo. Tangu hapo sisi hununua gunia zima kwa pamoja wakati wa mavuno, tukaligawana.

Sasa tuje kantini. Meneja wa kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, alisikia habari zetu akafurahi mno. Akatangaza kuwa, kwa kuwa wafanyakazi wenyewe wamesema nyama si lazima, nyama ya Ijumaa imefutwa. Tulipofunua sahani tukakuta ugali ule ule na upawa ule ule mmoja wa maharage. Huko si kubadili chakula, ni kukata posho! Mtu kuacha nyama kwa hiari yake ni jambo moja, na kunyang'anywa ni jambo lingine kabisa.

Wawakilishi wa wafanyakazi walikwenda ofisini na daftari letu la kikoa. Walidai maharage pawa mbili, mboga za majani kila siku, yai mara mbili kwa wiki, tunda, na nyama ya Ijumaa irudishwe kwa anayeitaka. Mazungumzo yalichukua wiki tano. Maharage yameongezwa, mboga zimekuja, nyama imerudi, na ndimu huwekwa mezani. Ijumaa sisi wanne humpa nyama yetu yule mzee, naye huipokea bila maswali.

Mayai bado. Meneja asema kuku ni ghali. Shauri limewekwa katika kikao kijacho, na wawakilishi wameombwa waje tena na daftari.