Ukipewa dakika tatu kikaoni mpakani

Nje ya ukumbi, kwenye kivuli cha malori, kila mfanyabiashara ana la kusema. Nyanya zimeoza zikisubiri muhuri, mahindi yamerudishwa, ushuru umetozwa mara mbili. Ndani, mwenyekiti akiuliza nani ana hoja, wengi huangalia sakafu. Husimama yule yule wa kila siku, akaongea robo saa kuhusu kila kitu tangu barabara hadi choo. Ofisa anaandika "malalamiko ya jumla" na kikao kinafungwa.

Hasara yake hulipwa na mfuko. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kilio kilikuwa kikubwa pande zote. Lakini mpaka ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa masharti ya kitaalamu: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika mazungumzo ya namna hiyo, mwenye kueleza alivyokausha mahindi yake, alipoyahifadhi na yalipopimwa ana cha kuweka mezani. Mwenye kulalamika tu hana.

Kwa hiyo chagua hoja moja. Chukua mfano wa muuza vitunguu: "Mwenyekiti, Jumanne saa tatu asubuhi nilifika na magunia 10 ya vitunguu vilivyolimwa wilayani kwetu. Thamani yake haifiki dola 2,000. Niliomba cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, nikaambiwa fomu zimekwisha, nikatozwa ushuru wa forodha kama mtu aliyetoa mzigo nje ya Jumuiya. Risiti hii hapa. Naomba fomu ziwepo kila siku ya soko." Haizidi dakika moja. Ina siku, mzigo, thamani, ushahidi na ombi ambalo ofisa aliyeketi pale anaweza kulitekeleza.

Jua pia mipaka ya hoja yako. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na hakifuti kodi nyingine za ndani wala kibali cha afya ya mimea. Anayesimama kudai kwamba mfanyabiashara mdogo halipi chochote hujibiwa kwa sentensi moja, akaketi, na hoja nzuri ya mwenzake ikazama naye.

Salamu nazo zinakula muda. Kumtaja kila mheshimiwa kwa cheo chake humaliza dakika yako ya kwanza. Sema "itifaki imezingatiwa" uendelee, hakuna atakayekasirika.

Kuhusu woga: hata wasemaji wazoefu hutetemeka, ila wamejua pa kuuweka. Sentensi ya kwanza na ya mwisho uzishike kwa moyo. Katikati utajiokoa mwenyewe, maana mzigo ni wako na unaujua kuliko yeyote ukumbini. Fanya mazoezi kwa sauti, si kichwani, mbele ya jirani wa kibanda ambaye hauzi bidhaa yako. Akikuuliza "kwa hiyo unataka nini?", bado hujawa tayari. Ukisimama, vuta pumzi kabla ya kufungua mdomo, na shika risiti badala ya karatasi iliyojaa maandishi, kwa sababu anayesoma huinamisha kichwa na sauti yake huishia mezani.

Usihangaike kutafuta Kiingereza. Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na unayezungumza lugha unayoitumia kupatana bei huwa huyumbi. Tahadhari ni kwenye vipimo. Lumbesa inaeleweka Tanzania na gorogoro Kenya, lakini mgeni kutoka Bujumbura au Goma atabaki anakisia. Taja kilo. Taja na sarafu, kwani "shilingi" pekee mpakani ni ya nchi zaidi ya moja.

Ukimaliza, keti. Usirudie, usiombe radhi kwa kuchukua muda. Kabla hujatoka, mpe katibu hoja yako ikiwa imeandikwa kwenye karatasi pamoja na namba yako ya simu, hakikisha imeingia kwenye muhtasari, na muulize jibu litatolewa tarehe gani na nani.