Kuuliza hifadhidata kwa kuchora: picha ya LibreOffice Base inaishia wapi, na jibu la uongo linaanzia wapi

Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 30. Umechoka na daftari, umechoka na Eksel yenye rangi kumi na tano, sasa umehamia kwenye LibreOffice Base kwa sababu ni ya bure na inakubali kwenye laptopu yoyote. Umetengeneza majedwali mawili: Wanachama (namba, jina, tawi) na Michango (namba ya mwanachama, mwezi, kiasi). Mwisho wa Machi unaiuliza kompyuta swali dogo tu: nani hajachanga mwezi huu?

Kompyuta inakujibu: hakuna.

Wewe unajua kabisa wapo sita. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna alama nyekundu, ni jedwali tupu tu. Leo tuone jibu hilo linatoka wapi, kwa sababu ukilielewa hilo utaelewa pia mambo mengine ambayo picha ya Base haiwezi kuchora, na njia ya kupita pembeni.

Picha ni mkalimani tu

Hifadhidata nyingi tunazotumia zinasimama juu ya wazo la Edgar Codd wa IBM, aliyeandika mwaka 1970 kwamba data zikae kwenye majedwali na mtumiaji aseme anataka nini bila kueleza mashine itafute vipi. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walitoa lugha ya kuulizia majedwali hayo. Ndiyo iliyokuja kuitwa SQL.

Miaka hiyohiyo ya katikati ya 1970, Moshé Zloof, mtafiti mwingine wa IBM, alikuja na wazo tofauti: kwa nini mtu aandike sentensi? Mwonyeshe jedwali tupu kwenye skrini, ajaze mfano wa anachotafuta, basi. Dirisha la kubuni maswali unaloliona leo kwenye Microsoft Access na kwenye Base ni wajukuu wa wazo hilo.

Kwenye Base dirisha hilo lina sehemu mbili. Juu unaweka majedwali na kuyaunganisha kwa mistari. Chini kuna gridi: unachagua safu, unapanga, unajumlisha, na kwenye mstari ulioandikwa Criterion unaweka vigezo. Ukimaliza, Base inageuza mchoro wako kuwa SQL na kuipeleka kwa injini ya hifadhidata. Injini haijui lolote kuhusu mchoro, yenyewe inapokea maandishi tu.

Hili ndilo la kushika. Kitu kikikosekana kwenye picha, haimaanishi hifadhidata yako haikiwezi. Mara nyingi injini inakiweza vizuri, ila mkalimani hana neno lake.

Kwa nini wadaiwa sita walipotea

Turudi kwenye kikoba. Ulifanya kila kitu kwa akili. Uliunganisha Wanachama na Michango kwa namba, ukabofya mara mbili kwenye mstari wa muunganiko, ukachagua aina inayobakiza wanachama wote hata wasio na mchango. Kwenye SQL hiyo huitwa LEFT JOIN. Kisha kwenye vigezo ukaandika mwezi = 3, na kwenye kiasi ukaandika IS EMPTY, yaani pasiwe na kitu.

Sasa angalia kilichotokea nyuma ya pazia. Injini iliunganisha kwanza, ndipo ikachuja. Baada ya kuunganisha, mwanachama ambaye hajawahi kuchanga kabisa anapata mstari wake, lakini safu za mwezi na kiasi hazina kitu. SQL huita hali hiyo NULL. Halafu kichujio kinauliza: je, mwezi = 3? Ukilinganisha "hakuna kitu" na 3, jibu si ndiyo wala si hapana, ni "haijulikani". Na kichujio hupitisha ndiyo peke yake. Mwanachama huyo anatupwa nje. Waliochanga Machi wanapita kigezo cha mwezi, lakini wana kiasi, kwa hiyo wanaangukia kigezo cha pili. Mwisho wa siku hakuna anayebaki.

Wengi hapo hujaribu mstari wa Or: mwezi = 3 *au* mwezi hauna kitu. Ukiondoa kigezo cha kiasi, utaona orodha imejaa na utapumua. Usipumue bado! Tuseme kati ya sita wasiochanga Machi, wawili ni wapya ambao hawajawahi kutoa hata senti, na wanne walichanga Januari na Februari wakaishia hapo. Orodha yako itakuwa na watu 26: 24 waliochanga na wawili wapya. Wale wanne hawamo. Wana mistari ya Januari na Februari, kwa hiyo mwezi wao si mtupu, na wala si 3. Waliolegalega, ambao ndio hasa ulikuwa unawatafuta, ndio wamefichwa.

Tatizo lenyewe ni mahali pa kigezo. Sharti la "mwezi = 3" lilipaswa kufanya kazi *wakati* wa kuunganisha, si baada yake. Kwa SQL tofauti ni mstari mmoja:

SELECT "Wanachama"."Jina"
FROM "Wanachama" LEFT JOIN "Michango"
ON "Wanachama"."Namba" = "Michango"."Namba"
AND "Michango"."Mwezi" = 3
WHERE "Michango"."Namba" IS NULL

Ile AND iko ndani ya ON, haiko kwenye WHERE. Kidirisha cha muunganiko cha Base kinakuruhusu kuchagua safu ya huku ilingane na safu ya kule, na aina ya muunganiko. Hakina pa kuandika 3. Na kila unachoweka kwenye gridi kama kigezo cha kawaida huishia kwenye WHERE.

Dawa bila kuandika SQL

Habari njema ni kwamba Base inakuruhusu kutumia swali ulilolihifadhi kana kwamba ni jedwali. Basi gawa kazi mara mbili:

1. Chora swali la kwanza juu ya Michango peke yake, kigezo mwezi = 3. Lihifadhi kwa jina MichangoMachi.
2. Chora swali la pili. Unapoongeza majedwali, chagua Wanachama, halafu hamia upande wa maswali yaliyohifadhiwa uchukue MichangoMachi. Yaunganishe kwa namba, bakiza wanachama wote, na kwenye namba ya MichangoMachi weka IS EMPTY.

Utapata watu sita. Kuchuja kumefanyika kwanza, kuunganisha baadaye, na hujaandika hata neno moja la SQL. Ukishaizoea mbinu hii utashangaa ni maswali mangapi "yasiyochoreka" yanachoreka kwa hatua mbili.

Vingine ambavyo hutaviona kwenye dirisha

*Kupanga data juu ya nyingine.* Una jedwali la michango ya 2023 na jingine la 2024, unataka liwe moja refu. Muunganiko wa mistari hauwezi hilo, kwa kuwa wenyewe huweka majedwali ubavuni, si juu kwa chini. Neno linalohitajika ni UNION, na halina picha. Hapa tusiionee Base, maana Access nayo kwa UNION hukupeleka kwenye maandishi matupu. Kwenye Base utafungua swali kwa SQL na kwa kawaida utawasha kitufe cha kupeleka amri moja kwa moja kwenye injini. Ukikiwasha, mkalimani anakaa pembeni, na zile nafasi za kujazia kama :mwezi, ambazo hukuuliza thamani kila unapoendesha, hazifanyi kazi.

Kuna mtego mmoja hapo. UNION peke yake hufuta mistari inayofanana kabisa. Kama swali lako linachukua mwezi na kiasi tu, na watu kumi walichanga 20,000 mwezi uleule, watabaki mstari mmoja. Jumla yako itapungua kwa 180,000 na hakuna atakayekuambia. Ukitaka mistari yote, andika UNION ALL.

*Kubadilisha data kwa mkupuo.* Watu wameandika tawi kwa namna zao: TMK, Temeke, temeke. Kwenye Access unaweza kuchora swali la kusahihisha, la kufuta au la kuongeza mistari. Kwenye Base swali lililohifadhiwa ni la kusoma tu. Kubadilisha unaenda menyu ya Tools, halafu SQL, unaandika amri mwenyewe:

UPDATE "Wanachama" SET "Tawi" = 'Temeke' WHERE "Tawi" = 'TMK'

Ukisahau sehemu ya WHERE, wanachama wote 30 wanahamia Temeke kwa sekunde moja, na Ctrl+Z haitakusaidia. Kwa hiyo nakili kwanza faili lako la .odb. Halafu chora swali la kusoma lenye kigezo hichohicho, uhesabu mistari inayotoka, kisha fungua SQL yake na uhamishe ile WHERE kama ilivyo kwenye UPDATE. Picha haiwezi kubadilisha data, lakini inaweza kukuonyesha nini kitabadilika. Na usizisahau zile alama za nukuu mbili kwenye majina: bila hizo, injini ya HSQLDB inayokuja na Base huyasoma majina yote kwa herufi kubwa na kukuambia jedwali halipo.

*Jedwali la mkato.* Majina yashuke chini, miezi ikae juu, kiasi katikati. Access ina aina maalumu ya swali kwa kazi hiyo, Base haina. Usihangaike kuilazimisha. Sajili hifadhidata yako ndani ya LibreOffice, fungua Calc, na utengeneze jedwali egemeo ukichagua Base kama chanzo cha data. Kazi imeisha.

Kwa nini hawaongezi tu?

Swali zuri, na jibu si "kwa sababu ni ya bure". Zloof mwenyewe, kwenye ubunifu wake wa miaka ya 1970, aliweka herufi za kuingiza, kubadilisha na kufuta data papo hapo kwenye lile jedwali tupu. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba mambo hayo yanachoreka.

Ugumu uko kwingine. Picha ya Base inatafsiri kwenda na kurudi: mchoro uwe SQL, na SQL uliyoandika iweze kurudi kuwa mchoro. Kuna sentensi nyingi za SQL zisizo na mchoro wa wazi, na kila aina mpya ya mchoro inadai sarufi yake pande zote mbili. Pili, Base haina injini moja. Inaongea na HSQLDB, Firebird, MariaDB, PostgreSQL na nyinginezo, na kila moja ina lafudhi yake ya SQL. Access ilizaliwa mwaka 1992 ikiwa na injini yake yenyewe, ikijua inaongea na nani. Tatu, Base iliingia kama programu kamili kwenye OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005, na tangu 2010 inaendelezwa ndani ya LibreOffice, ambako kazi hutegemea nani amejitokeza kuifanya.

Kuna faida moja ya kuwa huria: msimbo uko wazi, na kazi ya aina hii haihitaji kusubiri kampuni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha hilo mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho anaweza kuanza na kale kasanduku kadogo tu ka kigezo ndani ya kidirisha cha muunganiko.

Kabla hujapeleka ripoti kwenye kikao

Tabia tatu zinatosha kukulinda. Kwanza, jua jibu linapaswa kuwa na mistari mingapi *kabla* ya kuendesha swali. Pili, hakikisha makundi yanajumlika: waliochanga 24 na wasiochanga 6 lazima wawe 30. Wakitoka 26, kuna watu wanne wamepotea njiani, usisaini. Tatu, kila ukimaliza kuchora, bofya kitufe cha kuzima mwonekano wa mchoro uitazame SQL iliyotoka. Huhitaji kuijua yote. Tafuta tu vigezo vyako vimeangukia wapi: kwenye ON au kwenye WHERE. Kama umetumia LEFT JOIN na kigezo cha jedwali la kulia, kisichokuwa IS NULL, kiko kwenye WHERE, rudi ugawe swali mara mbili.