Teke la Farasi na Jicho la Mtoto

Katika nyumba za wafugaji mtoto hujifunza kutembea katikati ya miguu ya wanyama. Wazazi hufurahi kumwona hana woga. Sisi tunaoandika ukurasa huu hutuingia hofu, na sababu yake tutaieleza kwa habari ya daktari mmoja wa mashambani.

Dk. Ernest Ceriani alizaliwa katika ranchi ya kondoo huko Wyoming, Marekani. Mwaka 1948 alikuwa daktari wa pekee katika Kremmling, mji mdogo wa wafugaji katika milima ya Colorado, akihudumia watu wapatao 2,000. Mwaka huo gazeti la Life lilichapisha picha za kazi yake. Mkewe Bernetha na watoto wao wawili wadogo walikuwa naye kwa nadra, maana aliitwa usiku na mchana. Siku moja alijipatia saa chache za kuvua samaki. Hata hizo hazikuisha, akaitwa: mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu amepigwa teke la kichwa na farasi.

Daktari alishona jeraha la paji la uso kwa uangalifu ili kovu lisionekane sana. Lakini jicho hakuweza kuliokoa. Mtoto alipelekwa Denver kwa daktari bingwa, nalo likaondolewa.

Huyo ni daktari aliyekulia ranchini, mwenye hospitali karibu. Je, sisi ambao zahanati iko mbali?

Farasi, na hata punda wetu mpole wa kubeba maji, haoni vizuri kilicho nyuma yake kabisa. Akishtuka hurusha teke, na kichwa cha mtoto mdogo kiko usawa wa kwato. Basi mtoto asipite nyuma ya mnyama, wala asiachwe peke yake zizini. Anayepanda farasi avae kofia ngumu.

Teke likishampata, jeraha la kichwa lifunikwe kwa kitambaa safi. Jicho lililoumia lisikandamizwe wala kusuguliwa, na lisitiwe dawa yoyote ya nyumbani. Lifunikeni kwa kikombe safi kilichofungwa kwa kitambaa bila kuligusa, kisha mtoto apelekwe hospitali mara moja. Msidanganyike akinyamaza na kuanza kucheza. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, au damu ama maji yakimtoka puani au masikioni, hiyo ni hatari kubwa, hata kama ni siku ya pili.

Tena kuna pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, kwa hiyo zizi limejaa. Mkienda hospitali chukueni kadi ya chanjo ya mtoto, mwonyesheni mganga.