Busia na Malaba: Athari za Wazee Wetu Mpakani

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Busia na Malaba kutembea, atakucheka. Kwake yeye hayo ni majina ya malori. Huko ndiko yaendako makontena yatokayo Kilindini, na huko ndiko vijana wetu madereva na matandiboi hulala wakingojea karatasi zao zigongwe muhuri. Mimi nami nilikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka Mola aliponijaalia kufika.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902 nchi yote hiyo ilikuwa Uganda, na mpaka ulikuwa mbali sana mashariki, pande za Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakaumega mkoa wa mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya ambayo mwaka 1920 iliitwa Kenya. Ndiyo maana Mteso au Msamia ana ndugu huku na ndugu kule, na harusi moja huwa na jamaa wa nchi mbili. Simama sokoni Busia asubuhi, utasikia Kiteso, Kisamia, Kikhayo na Kiganda. Lakini inapofika kupatana bei, aghlabu hutumika Kiswahili. Basi nikajiuliza: lugha yetu ilifikaje huku?

Jawabu liko Mumias, mwendo wa kiasi cha saa moja kwa gari kutoka Busia. Zamani mji huo ukiitwa Elureko, makao ya Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga. Misafara ya pwani ilifika hapo kabla ya Wazungu. Mfalme wa wakati huo alikuwa Shiundu. Ndimi za wazee wetu zikamwita Sundu, na kituo kikajulikana kwa jina la Kwa Sundu. Joseph Thomson alipowasili mwaka 1883, hilo ndilo jina aliloliandika. Mwanawe Shiundu, Nabongo Mumia, ndiye aliyeupa mji jina la leo. Waingereza walimfanya chifu mkuu mwaka 1909, naye akafariki mwaka 1949.

Kwa mikono ya watu wa pwani Uislamu uliingia katika nyumba ya wafalme hao, na hadi leo Mumias ni ngome ya Waislamu wa magharibi ya Kenya. Ukifika siku ya Ijumaa utasali na watu ambao majina yao ni kama yetu na lafudhi yao ni ya Kiluhya. Kisha nenda Matungu, hapo karibu, yaliko makaburi ya wafalme wa Wawanga na kituo cha utamaduni wao.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Misafara ile haikuleta dini na nguo tu. Ilileta bunduki, na iliporudi pwani ilichukua pembe za ndovu, na mateka pia. Mwenye kuisimulia tarikhi nusu huwa ameificha nusu.

Na wako wetu waliopotea katika njia hiyo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipumzika Kwa Sundu, akaliacha kundi kubwa la msafara wake hapo, akaendelea na watu wapatao hamsini. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na wengi wa wapagazi aliofuatana nao wakauawa pamoja naye. Mifupa ya askofu ilizikwa kwa heshima Namirembe, Kampala, mwaka 1892. Wapagazi wale waliotoka pwani na mizigo vichwani, makaburi yao nani anayajua?

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misafara ikafa na Mumias ukapoa. Mwaka 1931 reli nyingine, inayopita Malaba, ikafika Kampala. Nami nikaifuata Malaba. Ukisimama hapo utaliona ng'ambo jabali la Tororo, limeinuka peke yake katika nchi tambarare.

Upande wetu wa Malaba, katika vilima vya Chelelemuk, liko pango la Kakapel. Ukutani pana michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, mingine duara na mistari, mingine ng'ombe. Serikali ililitangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 2004, na liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wataalamu waliochimba hapo walitangaza mwaka 2024 kwamba wameona mabaki ya kunde yenye umri wa miaka 2,300. Basi wewe ulaye kunde za nazi, ujue kwamba watu wa huku walikuwa wakizila zama za kale.

Msomaji, kama una mwana au ndugu apelekaye lori huko, mwambie: siku foleni inapokuwa ndefu na gari lina mwangalizi, apande matatu aende Mumias akasali, au avae viatu vizuri akapande Kakapel. Na kabla hajaondoka, amuulize babu yake kama yuko wa ukoo aliyewahi kwenda bara na misafara. Huenda akapata jina. Wapagazi wa Hannington majina yao yametupotea, na wazee wanaokumbuka mengine wanapungua kila mwaka.