Rimu ndogo kwa gari kubwa: Busia na Tororo, inchi peke yake haitoshi

BUSIA/TORORO – Mwenye gari jipya la kifahari akipita mara chache kati ya Busia, Malaba na Tororo, hugundua jambo ambalo hakuambiwa yadini. Rimu za inchi 20, 21 au 22 zinazolipendezesha gari ndizo za kwanza kuumia. Shimo moja lililojaa maji ya mvua au tuta lisilo na alama linatosha kupinda rimu ya aluminiamu au kutoa uvimbe ubavuni mwa tairi. Tairi yenye uvimbe haizibwi kama pancha; hutupwa.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari hayo, wakiwemo wafanyabiashara wanaovuka mpaka kila wiki, huvua rimu kubwa na kufunga za inchi 18. Kwa mtu wa mjini anayepima gari kwa ukubwa wa rimu, huko ni kushusha hadhi. Kwa barabara za mpakani, ambako malori ya saruji na makontena hayakomi na njia za vijijini ni za vumbi na matope, ni hesabu ya biashara.

Ila hesabu hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza uko kwenye rimu yenyewe: nyingi huingia kwenye nati lakini si za gari hilo. Wa pili uko kwenye kizuizi cha forodha.

Ubavu wa tairi ndio unaokinga

Rimu ndogo si lazima ifanye gurudumu zima kuwa dogo. Rimu ikipungua, ubavu wa tairi unatakiwa kuongezeka kwa kiasi kilekile, ili urefu wa gurudumu toka chini hadi juu ubaki palepale. Kinachoongezeka ni mpira na hewa kati ya rimu na shimo.

Chukua Toyota Land Cruiser 300, iliyozinduliwa 2021. Matoleo yake ya juu hutoka na tairi 265/55R20, na ya chini yake 265/65R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya ubavu, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi ya inchi 20 ina ubavu wa takriban milimita 146, na ya inchi 18 ina milimita 172. Kipenyo cha gurudumu zima ni karibu milimita 800 kwa zote mbili. Tofauti haifiki milimita tatu.

Land Rover Defender mpya inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Tairi yake ya 255/70R18 ina ubavu wa karibu milimita 178, na ile ya 275/45R22 ina milimita 124. Tofauti ni zaidi ya sentimita tano za kinga kila upande wa rimu.

Faida ya pili ni upatikanaji. Tairi za inchi 17 na 18 ndizo zinazovaliwa na pikapu za kazi na Prado nyingi za ukanda huu, kwa hiyo maduka mengi huziweka. Tairi ya inchi 22 ikipasuka mbali na jiji, mwenye gari huenda akalazimika kuiagiza Nairobi au Kampala, na kila siku gari linapokaa ni siku bila safari ya mzigo.

Kuna hasara pia. Ubavu mrefu hulegeza usukani kidogo gari linapokata kona kwa kasi. Anayekaa mjini kwenye lami nzuri na kufika mpakani mara mbili kwa mwaka ana sababu ndogo ya kubadilisha.

Nati kuingia si ushahidi

Kosa la gharama zaidi ni kununua rimu kwa sababu ni ya inchi 18, ni ya Toyota na bei ni nzuri.

Land Cruiser 200, iliyotangulia 300, ina nati tano. Land Cruiser 300 ina nati sita. Rimu za 200, ambazo zimejaa sokoni kwa sababu gari hilo liliuzwa tangu 2007, haziingii kabisa kwenye 300. Hapo angalau kosa linaonekana papo hapo.

Hatari zaidi ni rimu za Prado ya muundo wa 150, gari lililoanza kuuzwa 2009. Nazo zina nati sita, na matundu yake yamepangwa kwenye duara la milimita 139.7 sawasawa na ya Land Cruiser 300. Fundi akifunga, zinaingia, na mteja akitazama haraka anaridhika. Lakini mambo matatu hayalingani.

La kwanza ni tundu la katikati. La Prado 150 ni milimita 106, wakati habu ya Land Cruiser 300 ni ya milimita 95. Rimu haikai juu ya habu. Inashikiliwa na nati peke yake, na isipokaa katikati barabara gari hutetemeka kwenye kasi. Pete ya kuziba nafasi hiyo ipo, lakini lazima iwe ya kipimo sahihi.

La pili ni kina cha rimu. Uso unaofungwa kwenye habu umekaa milimita 25 kutoka mstari wa kati kwenye rimu ya Prado 150, na milimita 60 kwenye ya Land Cruiser 300. Rimu ya Prado hujitokeza nje karibu sentimita tatu zaidi. Matope hurukia bodi, na beringi za magurudumu hubeba mzigo usiokusudiwa.

La tatu ni tairi. Rimu ya inchi 18 ya Prado huja na tairi 265/60R18, yenye kipenyo cha milimita 775 badala ya 800. Gari linashuka milimita 12, jambo ambalo aliyebadilisha rimu kwa ajili ya mashimo hakulitaka. Spidi mita nayo hudanganya: ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari liko kwenye 97. Kwa kila kilomita 1,000 halisi, mita itaandika takriban 1,031. Siku ya kuuza, gari litaonekana limetembea kuliko lilivyotembea.

Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, kama Land Cruiser 300, kuchanganya tairi za vipenyo tofauti mbele na nyuma huchosha difu ya kati. Kwa hiyo hata tairi ya akiba lazima ilingane kwa kipenyo na zile nne.

Breki ndiyo mwisho wa mjadala

Rimu haiwezi kuwa ndogo kuliko breki inayoizunguka. Magari yenye injini kubwa hupewa diski na kalipa kubwa, na hapo inchi 18 hukoma. Defender ya V8, kwa mfano, ina diski za mbele za milimita 380. Ukiongeza kalipa juu yake, rimu ya inchi 18 haifungiki, ingawa kuna Defender nyingine zinazotoka kiwandani na rimu ya ukubwa huo. Gari ni la jina moja, lakini jibu hutegemea injini na breki.

Kipimo salama ni kitabu cha gari na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho huonyesha ukubwa wa tairi na upepo wake. Ikiwa bado kuna shaka, rimu tupu hufungwa kabla ya tairi kuvalishwa, huzungushwa kwa mkono, kisha usukani hukatwa kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Ikigusa popote, biashara imeishia hapo na tairi hazijanunuliwa.

Nati nazo zina aina. Za rimu ya chuma mara nyingi zina umbo la koni, wakati rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zimekuwa zikitumia nati zenye shingo na washa bapa. Nati isiyo ya rimu yake hulegea. Hata ikiwa sahihi, hukazwa upya baada ya kilomita 50 hadi 100, safari inayotosha kwenda Mbale kutoka Tororo na kurudi.

Tairi husomwa pia. Namba ya mzigo 110 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,060, na 114 ni kilo 1,180. Anayepakia bidhaa hatakiwi kushuka chini ya namba aliyoweka mtengenezaji. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inayong'aa dukani inaweza kuwa na umri wa kutosha kukataliwa.

Tairi kuukuu ni bidhaa marufuku

Tofauti za bei kati ya pande mbili za mpaka huwavuta wengi kununua upande mmoja na kuuza upande wa pili. Kwa rimu na tairi, hapa ndipo mtaji unapoweza kupotea kwa siku moja.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika Kenya na Uganda sawasawa, ina jedwali la bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Humo zimetajwa tairi zilizotumika za magari ya abiria na ya biashara nyepesi. Haijalishi zina kashata nzuri kiasi gani au zimetoka Japani wiki iliyopita. Bidhaa marufuku haikombolewi kwa kulipa ushuru: hutaifishwa, na sheria inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitano kwa aliyeiingiza.

Katazo hilo linataja tairi, halitaji rimu. Kwa hiyo mfanyabiashara anayevusha rimu zilizotumika zikiwa tupu yuko kwenye hali tofauti na anayezivusha zikiwa zimevalishwa tairi kuukuu. Rimu tupu hutangazwa na kutozwa kodi kama bidhaa nyingine.

Wapo pia wanaotegemea utaratibu rahisi wa biashara ndogo, unaomwezesha mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Tairi ya China au rimu ya Japani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu ililipiwa ushuru Mombasa na kuuzwa Busia ya Kenya. Ikivuka kwenda Uganda inasubiri ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ikija Kenya, VAT ni asilimia 16. Bei inayoonekana rahisi ng'ambo ipigiwe hesabu na kodi hizo ndani yake.

Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, gari hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande linakoelekea. Muda wa kuvuka umepungua, lakini hakuna tena kizuizi cha pili cha kujaribu bahati.

Hilo linamgusa hata asiye mchuuzi. Mwenye gari la Uganda anayevuka kubadilishiwa magurudumu Kenya, kisha akarudi na manne ya zamani kwenye buti, amebeba tairi zilizotumika. Ofisa ana haki ya kuuliza zinakokwenda. Njia isiyo na maswali ni kubadilisha upande ambao gari limesajiliwa, au kuvua tairi na kurudi na rimu zenye stakabadhi.

Zile kubwa zikishavuliwa

Rimu za kiwandani za inchi 20 au 22 ni mali. Mnunuzi wa gari lililotumika huziulizia, hasa mnunuzi wa mjini, na gari lisilo nazo hupunguziwa bei. Wenye nafasi huziosha, huzifunika na kuziweka mbali na jua hadi siku ya kuuza gari. Asiye na nafasi anaweza kuziuza, lakini seti nzima na upande uleule wa mpaka.

Kabla ya safari ya kwanza, mwenye gari aitaarifu kampuni ya bima kwa maandishi kwamba ukubwa wa rimu umebadilika. Kadi ya njano ya COMESA, ambayo madereva wengi huibeba wakivuka, hulipia madhara waliyopata watu wengine. Gari lake mwenyewe linategemea bima yake ya nyumbani, na mkaguzi wa ajali huanza kwa kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.