PAIPU IKIPASUKA USIKU: LA KUFANYWA KWANZA

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kukuelezeni khabari za mikarafuu, uchumaji, uanikaji na bei. Leo naomba radhi niseme juu ya jambo la nyumbani. Lakini mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba sikutoka nje ya shughuli zetu, kwani wengi wetu karafuu zetu kavu hulala chini ya paa moja nasi kabla ya kupelekwa kituoni, na adui mkubwa wa karafuu kavu ni maji.

Wazee wetu walipoteka maji kisimani, maji yalikaa kisimani mpaka mtu ayafuate. Maji ya paipu si hivyo. Tangu zama za Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888 na akaleta maji ya mferejini katika mji wa Unguja, maji ndiyo yanayomfuata mtu nyumbani kwake. Ni neema kubwa. Lakini kitu kinachokufuata lazima ujue namna ya kukizuia.

Nitakuelezeni yaliyonifika mimi mwenyewe, ili mwenzangu asije akajifunza kwa khasara kama nilivyojifunza mimi. Msimu uliopita nilikuwa na magunia sita ya karafuu kavu katika chumba cha uani, nikingoja gari ya kwenda kituoni. Ilipata saa nane za usiku, saa ambazo maji ya njiani huja kwa nguvu mtaani kwetu, mama yangu akapiga kelele kwamba anakanyaga maji ukumbini. Kiungo cha paipu ukutani kilikuwa kimeachia. Mimi nikakimbilia ndoo, mke wangu akakimbilia vitambaa vya deki, na watoto wakaamka wakawa wanachota kwa vikombe. Maji hayakupungua hata kidogo.

Nikakumbuka koki ya nje, karibu na ukuta. Nikaenda nikaikuta imeshika kutu, kwa kuwa tangu nyumba kujengwa hakuna aliyewahi kuigusa. Nilipoiweza, dakika nyingi zilikuwa zimepita. Nikarudi ndani nikifurahi, na maji bado yanamwagika vilevile. Hapo nikamwamsha jirani yangu, fundi wa paipu, mtu mzima. Alisimama mlangoni, hata ndani hakuingia, akaniuliza: "Katibu, umefunga maji ya njiani. Na ya tangini je?"

Kumbe hilo ndilo nililolisahau. Juu ya banda la jiko nina tangi la lita 1000, nalo lilikuwa likijimwaga nyumbani mwangu taratibu. Tukafunga koki iliyo chini ya tangi, maji yakakatika mara moja. Lakini magunia mawili yaliyokuwa yamewekwa sakafuni yalikwisha kulowa mpaka nusu.

Basi, ndugu zangu, haya ndiyo niliyoyapata kwa fundi yule na kwa mambo yenyewe. Yafuateni kwa mpango wake, kwani mpango ndio dawa.

Kwanza, waondoe watu penye maji na uangalie umeme. Maji na umeme havikai nyumba moja kwa amani. Ikiwa maji yamefika penye soketi, waya wa kuunganishia au friji, mtu yeyote asiguse kitu hicho, wala asikanyage maji hayo. Ikiwa swichi kubwa ya nyumba iko mahali pakavu, na mkono wako mkavu, na chini ya miguu yako pakavu, izime. Ikiwa yenyewe imo majini, iache. Toka nje na watu wako, uwaite watu wa umeme. Gunia la karafuu hupatikana msimu mwingine, mtoto hapatikani.

Pili, funga maji, na ufunge yote. Nyumba yenye tangi ina maji ya namna mbili: yanayotoka njiani na yanayoshuka kutoka tangini. Kufunga upande mmoja hakutoshi. Ikiwa una pampu, izime pia. Wala usishike ndoo kabla ya hapo. Fikiri hesabu hii: paipu ikitoa maji ya kujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, kwa nusu saa zimekwisha mwagika lita 600. Hakuna watu wa nyumba wanaoweza kuchota kwa mwendo huo.

Ikiwa koki imeshika, usiipige nyundo wala usiitie spana ndefu ukainingʼinia, maana ikivunjika shari huwa mbili. Itie mafuta kidogo, uizungushe nyuma na mbele pole pole. Na ikiwa maji yanaingia kwa ule mpira mweusi mwembamba, waweza kuukunja kama ukunjavyo shingo ya mfuko, ukaufunga kwa kamba madhubuti mpaka fundi afike.

Tatu, fungua mfereji ulio chini kuliko yote, khasa wa uani au wa bafuni penye njia ya kutokea maji. Maji yaliyobaki ndani ya paipu yatatokea hapo, badala ya kutokea penye tundu. Tia ndoo na mitungi chini yake, usipoteze maji safi.

Nne, funga jeraha kwa muda. Ikiwa paipu ya chuma ina tundu dogo au ufa, ikaushe vizuri kwa kitambaa. Kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole vitatu hivi. Anza kuuzungusha mbali kidogo na tundu, ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, mpaka upite upande wa pili wa tundu. Kisha funga juu yake kwa waya, ukaze kwa koleo. Halafu fungua maji kidogo tu utazame. Hii ni bendeji, si dawa. Isikae mwezi ukasema imepona. Ama kiungo kilichoachia, au paipu ya plastiki iliyopasuka kwa urefu, mwachie fundi, na maji yabaki yamefungwa.

Tano, angalieni karafuu. Yatoeni kwanza magunia makavu, myaweke mbali na mahali palipolowa. Kisha fungueni yaliyolowa usiku ule ule. Msingoje asubuhi, kwa sababu karafuu mbichi ya maji ikifungiwa ndani ya gunia hupata joto, huvunda, hupauka rangi na kuharibika harufu yake. Tengeni iliyolowa na iliyobaki kavu. Msizichanganye kwa tamaa ya kuficha, maana iliyolowa itaiharibu na ile nzima, na mnunuzi ataijua kwa mkono na kwa pua. Itandazeni nyembamba juu ya majamvi ndani ya nyumba mahali pakavu penye upepo, na jua likitoka ianikeni uani, mkiigeuza mara kwa mara. Karafuu iliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio ukiikunja, inayopinda bado. Na ikiwa maji yaliyoingia ni ya chooni au ya mtaro, karafuu hiyo haifai kuuzwa kabisa. Itakwenda vyakulani na madawani mwa watu.

Mimi katika magunia yale mawili niliokoa sehemu kubwa, lakini ilipofika kituoni ilishuka daraja, na fedha iliyopungua ndiyo niliyoiwekea bati la chumba cha mama. Mama hakusema neno. Alichosema ni kwamba tangu siku ile ameomba aonyeshwe koki zote mbili, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzijua katika nyumba yetu. Haya yalinitia haya kuliko khasara yenyewe; kwani mchana mimi huwa shambani au afisini, na wanaobaki nyumbani ndio wasioonyeshwa chochote.

Kwa hiyo namwomba kila mwanachama afanye mambo manne juma hili, wala hayataki fedha nyingi. Tafuta koki zako zote, ya njiani na ya tangini, uzungushe kila moja mpaka ifunge, na uwe ukifanya hivyo kila mwezi ili zisishike kutu. Waonyeshe watu wote wa nyumbani, wakubwa na wadogo wenye akili. Weka mahali pamoja koleo, waya, spana na utepe wa mpira. Na magunia yako yasikae sakafuni hata usiku mmoja: yainue juu ya mbao au kichanja, yawe mbali na ukuta wenye paipu. Lau magunia yangu yangekuwa juu kiasi cha shubiri moja tu, nisingekuwa na kisa cha kukuandikieni.

Wala tusidharau tone. Mfereji unaodondoka tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, na kiungo kinachotoka jasho leo ndicho kitakachoachia kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nami naongeza kwamba utauza na karafuu yako kwa bei ya chini.

Mwanachama ambaye koki yake imeshika na hana mtu wa kumsaidia asione haya kuniambia siku ya mkutano. Yule jirani yangu fundi amekubali kuwafundisha vijana wetu wawili au watatu namna ya kuzifungua na kuzitia mafuta.

Nakutakieni msimu mwema na majamvi makavu.

Katibu wenu