Yai la kasa si yai la kuku: ukiligeuza umeliua

Msimu wa kasa kupanda fuo zetu kutaga, kuanzia Shanzu, Bamburi na Nyali hadi ng'ambo ya Likoni, kuna watu wa aina mbili wanaoweza kuyafukua mayai yao. Wa kwanza ana ndoo na anatafuta wateja. Wa pili ana huruma: ameona kiota kiko karibu na maji, au mbwa ananusanusa, akaona ayachukue mayai ayafukie mahali salama. Nia zao ni mbali kama mbingu na ardhi, lakini mara nyingi matokeo ni mamoja: hakuna kitakachoanguliwa. Sababu iko kwenye ganda.

Tuanze na yai tunalolijua, la kuku, hili linalouzwa na kachumbari kila kona ya Changamwe. Ganda lake karibu lote ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya mawe ya matumbawe ambayo wazee wetu waliyachoma wakapata chokaa ya kujengea nyumba. Chembe zake zimesimama wima kama nguzo, zimebanana barabara, na katikati zimeachwa tundu ndogo mno kwa maelfu ili kifaranga apate hewa. Ndani, kiini kimeshikwa na kamba mbili za ute uliosokotwa, moja kila upande. Kuku anapoatamia huyageuza mayai yake mara nyingi kwa siku, na kamba hizo hukiacha kiini kijizungushe bila kudhurika.

Yai la kasa ni habari nyingine. Ni la mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani, na ukilibonyeza linabonyea. Nalo pia lina chokaa, ila chembe zake ni za aina iitwayo aragonaiti, ile ile ambayo matumbawe hai hujijengea. Chembe hizo hukaa kwa vifundo vifundo juu ya utando wa nyuzi, havikubanana, ndiyo sababu ganda hunyumbuka.

Usidhani huo ni udhaifu. Mama kasa huchimba shimo la kina cha kama nusu mita, akaangusha ndani mayai mia moja au zaidi. Yangekuwa ya kuku yangevunjikiana. Ganda hilo laini pia hunyonya unyevu wa mchanga, yai likavimba kadiri kiumbe cha ndani kinavyokua. Isitoshe, kiumbe huyo huchota kalsiamu kwenye ganda lenyewe kujengea mifupa yake.

Lakini yai hili halina zile kamba mbili. Saa chache tu baada ya kutagwa, kiumbe hupanda juu ya kiini, na tando zake hugandamana na upande wa juu wa ganda. Kuanzia hapo yai lina juu na chini. Ukiligeuza au ukilitikisa ndani ya ndoo, tando hukatika na kiumbe hufa kimya kimya. Kwa nje yai litabaki jeupe vile vile, na aliyelihamisha ataondoka akidhani amefanya jambo la maana.

Watambaazi wengine nao kila mmoja ana ganda linalofaa pale anapotagia. Mjusi kafiri wa ukutani hutaga yai laini ambalo likipigwa na hewa huwa gumu, likakaa nyuma ya kabati bila kuhitaji maji ya mchanga. Mayai ya chatu na kenge ni kama ngozi, chokaa yake ni kidogo sana. Mamba, kama wale wa Haller Park pale Bamburi, hutaga yai gumu linalokaribia la ndege, na si ajabu, maana mamba na ndege ni jamaa wa karibu.

Ganda lilitangulia kuwa laini au gumu? Yai la nchi kavu lina zaidi ya miaka milioni 300. Kabla yake wanyama walilazimika kurudi majini kutaga, kama vyura hadi leo. Maganda laini huoza upesi, kwa hiyo ushahidi wake ni haba. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kuwa mayai ya dinosaria kutoka Mongolia na Argentina yalikuwa na ganda laini. Mwaka huo huo lilielezwa yai laini la urefu wa karibu sentimita 30 lililopatikana Antaktika. Wataalamu hao wa dinosaria wakasema ganda laini ndilo lililotangulia, na ganda gumu likazuka baadaye, zaidi ya mara moja, katika koo mbalimbali.

Wahenga wa kasa walirudi baharini zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, lakini yai lao halikuweza kurudi nao. Kiumbe hupumua kupitia ganda, na likizama majini hukosa hewa akafa. Kwa hiyo mnyama huyu wa bahari hana budi kuja mchangani petu. Ukuta wa hoteli ukiziba ufuo, au taa zikimtisha, hana pengine pa kutagia.

Tena mchanga wenyewe huamua jinsia. Mwaka 1966 mwanasayansi Madeleine Charnier, akiwa Dakar, Senegal, aligundua kwa mjusi wa huko kwamba joto la yai huamua dume au jike. Kwa kasa, mchanga ukizidi takriban nyuzi 29 majike huongezeka; ukipoa, madume. Hata ukifaulu kuhamisha yai bila kuligeuza, umelipa joto jingine.

Basi ukiona kiota, usichimbe, usichome kijiti kutafuta mayai, wala usiwashe tochi. Funga mbwa, waambie watoto wasogee, kisha uwaarifu maafisa wa KWS au kikundi cha wavuvi cha ufuo wako. Kiota kikiwa hatarini kweli, waliofunzwa hukihamisha mapema, upande wa juu ukibaki juu. Kuyachukua kwa kuuza au kula ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kasa huchukua miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga. Mayai ya ndoo moja leo ni mama wasiorudi Bamburi watoto wetu wakiwa watu wazima.